Karani Mstaafu Anajibu: Mwandishi wa Tokyo na Vitabu vya Ardhi

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyochapisha juu ya mwandishi wa Kijapani Takashi Tachibana, na kwanza nawashukuru, kwa sababu ni nadra magazeti yetu kutuletea maisha ya mtu ambaye hakuwa mcheza mpira, mwanamuziki wala mwanasiasa. Lakini mimi ni karani mstaafu, na karani akiona tarehe yenye kasoro hapati usingizi. Mmeandika kwamba Tachibana alimwangusha waziri mkuu wa Japani, Kakuei Tanaka, mwaka 1976 kwa kufichua hongo za ndege. Hayo ni mambo mawili tofauti. Tanaka alitangaza kujiuzulu tarehe 26 Novemba 1974 na akaondoka madarakani tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, majuma machache baada ya Tachibana kuandika juu ya mali zake na fedha za siasa yake. Habari ya hongo za kampuni ya ndege ya Lockheed ilitoka Marekani, mbele ya kamati ndogo ya Seneti, Februari 1976, na Tanaka akakamatwa tarehe 27 Julai mwaka huo.

Kasoro ya tarehe peke yake ningeinyamazia. Tatizo ni kwamba kwa kuyafunga mambo hayo mawili katika fungu moja mmewafanya wasomaji, na hasa vijana wanaotaka kuingia katika kazi yenu, waamini kwamba mwandishi mchunguzi ni mtu wa kunasa siri: anakutana na mtu gizani, anapewa bahasha, asubuhi serikali inaanguka. Mwaka 1974 Tachibana alifanya kazi ya namna nyingine kabisa, na kwa mtu aliyekula mkate wake kwa kunakili hati za ardhi miaka 34 hapa Lubumbashi, Kongo, kazi hiyo inatambulika kama mtu anavyotambua mwandiko wake mwenyewe. Naomba nafasi katika gazeti lenu niieleze.

Niseme kwanza nilivyoijua habari hii, maana sisomi Kijapani. Mpwa wangu alisoma huko Japani miaka minne, na aliporudi alinikuta nina hamu ya habari za nchi ile tangu zamani, kwa kuwa baba yangu mdogo alifanya kazi na Wajapani waliokuwa wakichimba shaba Musoshi, huku kwetu Katanga, katika miaka ya 1970. Jioni nyingi mpwa wangu alinisomea kurasa za Tachibana na za watu walioandika juu yake, akizitafsiri sentensi baada ya sentensi, nami nikaandika daftarini. Yaliyomo katika barua hii yanatoka katika daftari hilo.

Tachibana alizaliwa Nagasaki mwaka 1940. Wazazi wake walihamia Peking angali mtoto wa miaka miwili, hivyo hakuwapo katika mji ule ulipopigwa bomu la atomiki Agosti 1945. (Mkatanga hawezi kulitaja jina la Nagasaki bila kukumbuka mgodi wetu wa Shinkolobwe, ambako ilitoka sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza mabomu yale, lakini hiyo ni barua nyingine.) Alisoma fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akaajiriwa mwaka 1964 na kampuni ya uchapishaji ya Bungei Shunju, akaiacha baada ya miaka miwili hivi kwa sababu alitaka kusoma zaidi, akarudi chuoni kusoma falsafa. Kwa muda fulani aliendesha baa ndogo katika vichochoro vya Shinjuku, mtaa wa Tokyo. Jarida la mwezi la Bungei Shunju lilipompa kazi ya kuchunguza fedha za Tanaka, alikuwa na umri wa miaka 34, hana cheo, hana ofisi, wala si mwandishi wa gazeti lolote la kila siku.

Swali aliloanza nalo lilikuwa rahisi kama la mama wa nyumbani anayeona jirani yake amejenga ghorofa: mtu huyu amepata wapi? Nchini Japani wakati ule serikali ilikuwa ikitangaza kila mwaka majina ya watu waliolipa kodi kubwa ya mapato, desturi iliyoendelea hadi mwaka 2005, kwa hiyo kipato ambacho Tanaka alikiri kuwa nacho kilijulikana. Hesabu za michango kwa vyama vya siasa nazo zilikuwa na mahali pa kuandikishwa. Kampuni zilikuwa na rejista yake, na ardhi ilikuwa na yake. Timu ya watu wapatao 20 ikasambaa kukusanya karatasi hizo: nani alinunua kiwanja kipi, siku gani, kampuni iliyonunua ina wakurugenzi gani, wakurugenzi hao wanaishi wapi na wana undugu gani na nyumba ya Tanaka. Kisha Tachibana akakaa chini na kuziweka karatasi hizo pamoja, hii kando ya ile, mpaka zikaanza kusema.

Hapa naomba radhi nikae kidogo, kwa kuwa ndipo utamu ulipo. Kitabu cha ardhi hakimwambii mtu nani ni mwizi. Kinamwambia jina, tarehe, mipaka, na hati ipi ilifutwa ili hii iandikwe. Ukikisoma ukurasa mmoja utasinzia. Lakini ukisoma kurasa 40 za sehemu moja kwa mpangilio wa tarehe, ghafla unaona kwamba watu 30 wasiojuana waliuza kwa mnunuzi mmoja ndani ya mwaka mmoja, na mwaka unaofuata barabara ikapita hapo. Katika mkoa wa Niigata, alikozaliwa Tanaka, kampuni moja iitwayo Muromachi Sangyo ilinunua kwa wakulima ardhi ya ukingo wa mto Shinano, karibu na mji wa Nagaoka, ardhi ambayo mto ulikuwa ukiifunika na ambayo kwa hiyo haikuwa na bei. Baadaye serikali ikajenga tuta la kuzuia maji, na ardhi ya samaki ikawa ardhi ya mji. Kampuni ilikuwa ya watu wa karibu wa Tanaka. Kampuni za namna hiyo zilikuwa kadhaa, nyingine hazina kazi yoyote inayoonekana. Wajapani waliziita kampuni za mizimu, nasi tungeziita kampuni hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa. Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo iliyokuwa imefichwa sandukuni. Zilikuwa zimelala katika ofisi za umma, na mtu akilipa ada ananakili.

Ndiyo maana waandishi wa magazeti makubwa ya Tokyo waliposoma toleo la Novemba 1974 la jarida lile, wengi wao walisema kwamba yale walikuwa wakiyajua zamani. Nao hawakusema uongo. Wao walikuwa wakishinda na wanasiasa asubuhi hadi usiku, kila kigogo akiwa na waandishi wake wa kumfuata, wakila na kunywa naye, na ukaribu huo ndio uliowafunga mdomo. Aliyeandika alikuwa yule asiyealikwa. Sitaki kuwachokoza vijana wenu, Bwana Mhariri, lakini sisi sote tunajua hapa kwetu kinachoitwa kupaje, bahasha ya nauli anayopewa mwandishi akihudhuria mkutano wa mkubwa, na tunajua kwamba siku ambayo mwandishi ameipokea, habari ya siku hiyo imekwisha kuandikwa na mwingine. Simlaumu mtu anayepokea nauli wakati mshahara haujatoka miezi mitatu. Nasema tu kwamba rejista ya ardhi haitoi bahasha, na labda ndiyo sababu haina wageni.

Kwa miaka 34 niliyokaa katika ofisi moja ya ardhi ya mji huu, ambayo sitaitaja, waliingia mlangoni wenye nyumba, mawakili, warithi wanaogombana, mapadre, Wagiriki wenye maduka, wajane wenye vyeti vilivyoliwa na mchwa. Waandishi wa habari walioingia nawakumbuka wawili, na wote wawili walikuja kuulizia lupango lao wenyewe, yaani kiwanja chao.

Makala yenu inasema pia kwamba Tachibana alifanya kazi "peke yake dhidi ya dola". Nimekwisha kutaja timu. Lakini katika toleo lilelile la jarida kulikuwa na makala ya pili, iliyoandikwa na Takaya Kodama, juu ya mwanamke aliyekuwa akishika hesabu za chama cha wafuasi wa Tanaka, na wapo Wajapani wengi wanaoamini kwamba makala hiyo ndiyo iliyomuumiza Tanaka zaidi, kwa kuwa iligusa nyumba yake. Kodama alifariki mwaka uliofuata, 1975, akiwa na miaka 38, baada ya kuandika juu ya siku zake 99 katika wodi ya saratani. Sielewi kwa nini kila anayesimulia habari hii humsahau. Halafu bado kulikuwa na ukimya. Magazeti ya kila siku yalisubiri, na hayakuandika kwa nguvu mpaka Tanaka alipokwenda kula chakula cha mchana katika klabu ya waandishi wa kigeni mjini Tokyo, tarehe 22 Oktoba 1974, na wageni hao wakamwuliza mbele ya watu yale ambayo wenyeji walikuwa hawajamwuliza. Kesho yake habari ikawa ya kila mtu. Kwa hiyo kuna jarida lililolipa, kuna watu 20 waliopanda treni kwenda kunakili, kuna marehemu Kodama, kuna waandishi wa kigeni waliouliza, na kuna Tachibana aliyepanga na kuandika. Sifa yake haipungui kwa kuwataja wengine.

Vilevile naomba ieleweke kwamba ile makala ya 1974 haikumpeleka Tanaka gerezani, wala haikudai kuthibitisha jinai. Iliweka kipato upande mmoja na mali upande wa pili, ikaacha pengo lionekane. Waziri mkuu alishindwa kulieleza pengo hilo kwa namna ambayo ingewaridhisha hata watu wa chama chake, basi akaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya Tanaka ilikuwa na daftari, na daftari ndilo lililotoa habari.

Nikirudi kwenye kesi ya Lockheed, hapo ndipo nilipomheshimu mwandishi huyu zaidi, ingawa ninyi mmeipa sentensi moja. Kesi ilifunguliwa Januari 1977. Tanaka alishtakiwa kwa kupokea yeni milioni 500 kupitia kampuni ya biashara ya Marubeni, ili shirika la ndege la All Nippon Airways linunue ndege za Lockheed. Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 1983: kifungo cha miaka minne na faini ya yeni milioni 500. Kati ya tarehe hizo mbili ni karibu miaka saba, na katika miaka yote hiyo Tachibana alikuwa akienda mahakamani, akikaa kwenye benchi la wasikilizaji, akisikiliza wataalamu wakibishana juu ya stakabadhi na saa ya gari kufika mahali fulani, kisha akiandika taarifa ndefu katika jarida la wiki la Asahi Journal. Nani kati yetu amefuata kesi moja hata kwa miezi saba? Sisi huandika siku mtu anapokamatwa, kwa herufi kubwa na picha, na akiachiwa au akifungwa hakuna anayejua, hata mlinzi wa mahakama.

Na baada ya uvumilivu wote ule, wapiga kura wakafanya walivyotaka. Desemba 1983, miezi miwili baada ya hukumu, Tanaka aligombea tena ubunge huko Niigata na akapata kura 220,761. Mpwa wangu aliponisomea tarakimu hiyo nilimwambia airudie. Lakini baada ya kuwaza niliwaelewa wale watu. Niigata ni nchi ya theluji nyingi; Tanaka, mtoto wa familia maskini ambaye hakufika chuo kikuu, ndiye aliyewapelekea barabara na mahandaki, na treni ya kasi ilifika kwao mwaka 1982. Mtu wa Kasenga au wa Mitwaba huku Katanga akijengewa barabara ya lami leo, je, atauliza lami ilinunuliwa kwa fedha gani? Tanaka alikata rufaa, mahakama ya juu ya Tokyo ikaikataa mwaka 1987, akakata tena, na alipofariki Desemba 1993 kesi ilikuwa haijamalizika, hivyo gerezani kutumikia kifungo kile hakwenda kamwe. Mnaona basi kwamba hata neno "kuangusha" mlilotumia lina wasiwasi.

Juu ya vitabu vyake vingine nitapita haraka, ingawa ni vingi. Aliandika historia ya chama cha kikomunisti cha Japani, na wakomunisti wakamkasirikia kama watu wa Tanaka walivyomkasirikia. Aliwahoji wanaanga wa Marekani waliorudi kutoka angani, akiwauliza kile ambacho safari ile iliwabadilisha moyoni. Aliandika juu ya swali la lini mtu ahesabiwe amekufa ikiwa ubongo umezimika na moyo bado unadunda, akazungumza kwa kirefu na Susumu Tonegawa aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1987, akaandika juu ya watu waliokaribia kufa wakarudi. Wapo wanasayansi waliosema kwamba katika baadhi ya vitabu hivyo alikwenda mbali kuliko alivyofahamu. Inawezekana, mtu anayeuliza kila kitu atakosea pahala. Njia yake, hata hivyo, ilikuwa ileile ya 1974: kusoma rundo kwanza, kuuliza baadaye.

Rundo hilo ndilo linalonirudisha hapa Lubumbashi. Alipokuwa akimchunguza Tanaka, Tachibana alitumia sana maktaba iitwayo Oya Soichi Bunko, iliyofunguliwa Tokyo mwaka 1971 kutokana na mkusanyo wa mwandishi Soichi Oya aliyefariki mwaka mmoja kabla. Oya alikuwa ameokota na kuhifadhi majarida ambayo watu wengine waliyatupa, hata yale ya udaku, na baada yake yakapangwa kwa majina na mada ili mtu akitaka kujua yote yaliyowahi kuandikwa juu ya Tanaka ayapate mezani. Hebu jiulizeni, Bwana Mhariri: toleo la gazeti lenu la miaka kumi iliyopita liko wapi? Mimi mara ya mwisho nimeliona sokoni katika komini ya Kenya hapa mjini, limefunga karanga.

Wala tusiseme kwamba sisi si watu wa kuandika. Mwaka 1965 waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu wa mji huu walikusanya historia ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, kwa Kiswahili chetu, na André Yav akaiandika. Leo wataalamu wa mbali wanaisoma kwa sababu nakala ilihifadhiwa. Zingine ngapi hazikuhifadhiwa?

Karatasi nazo hatuzikosi. Tangu amri ya waziri mkuu wetu wa Kongo ya Mei 2011, kila mkataba wa madini, mafuta au misitu unaofungwa na dola unapaswa kutangazwa ndani ya siku 60, na mingi ya mikataba ya shaba na kobalti ya Katanga inasomeka leo kwa yeyote mwenye simu na uvumilivu. Ripoti ya tume ya bunge letu iliyoongozwa na Christophe Lutundula, juu ya mikataba iliyofungwa wakati wa vita vya Kongo, ilikabidhiwa mwaka 2005 na baada ya kuchelewachelewa ikafika mikononi mwa watu mwaka 2006. Nimesikia watu wengi wakiitaja. Walioisoma mpaka ukurasa wa mwisho nadhani wangetosha katika teksi moja.

Tachibana alifariki tarehe 30 Aprili 2021. Huko Tokyo alikuwa amejijengea mwaka 1992 jengo jembamba jeusi lenye uso wa paka uliochorwa ukutani, orofa tatu juu ya ardhi na mbili chini, na ndani yake vitabu tu, makumi ya maelfu. Aliacha wosia kwamba visiwekwe katika maktaba yenye jina lake bali viuzwe kwa wauza vitabu vya zamani, virudi kwa wasomaji. Nilipolisikia hilo nilikasirika kidogo, kama karani. Mkusanyo ukitawanywa haukusanyiki tena. Mpwa wangu anasema sikumwelewa. Tumekubaliana kutokubaliana.

Ombi langu kwenu ni dogo. Chagueni kijana mmoja, msimtume kwenye mikutano ya wakubwa kwa muda wa miezi sita, na mumlipe mshahara wake wote katika miezi hiyo. Mimi nitamfundisha bure kusoma cheti cha ardhi: maana ya volimi na folio, jinsi ya kufuata hati iliyofutwa mpaka kwa mama yake, na namna ya kugundua jina lililoandikwa na karani mwenye haraka. Niko nyumbani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Aje na daftari lake na kalamu mbili, kwa sababu ofisi za ardhi hazina za kuazima.

Wenu,
Karani mstaafu, komini ya Katuba, Lubumbashi